Kompyuta iliyokuwa ikijizima saa moja usiku

Nimekuwa kimya kwa sababu ya kazi, lakini juzi jirani yangu hapa Kawangware aligonga mlango akiwa amekumbatia kompyuta kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Akaniambia maneno ambayo nimeyasikia tangu utotoni: "Inajizima tu yenyewe, bila sababu."

Maneno hayo karibu yamharibie mama yangu jina mwaka 2013. Leo nataka kuwasimulia kisa hicho pamoja na historia iliyo nyuma yake. Kompyuta (au tarakilishi, au ngamizi, chagua neno unalolipenda) haijizimi bila sababu. Sababu ipo, ila mara nyingi iko mahali ambapo hatujaangalia, na kabla hatujaipata tunakuwa tumeshamlaumu mtu.

Wakati huo tulikuwa tukiishi Kibera, upande wa Lindi. Mimi nilikuwa na miaka 16. Mama alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama 18 waliokuwa wakiweka akiba na kukopeshana. Tulikuwa na kompyuta ya mtumba, ile aina ya sanduku zito la kijivu linalotoka ofisi za Ulaya likishachoka, nayo ilikuwa na Windows XP. Mimi ndiye niliyemshawishi mama ahamishe hesabu za chama kutoka kwenye daftari. Nilimchorea jedwali zuri lenye rangi, linalojumlisha lenyewe. Nilijiona mtaalamu kweli kweli.

Baada ya miezi michache mashine ikaanza vituko. Unaandika, ghafla skrini inakuwa nyeusi, halafu mashine inajiwasha upya. Siku nyingine inazima na kubaki kimya. Wiki moja mara nne, wiki nyingine hakuna kitu. Mshukiwa wa kwanza alikuwa binamu yangu wa miaka 12, kwa sababu alikuwa akiweka michezo. Alipigwa marufuku kuigusa kwa miezi miwili. Mshukiwa wa pili alikuwa virusi, nami nikafuta kila kitu na kuweka Windows upya mara tatu. Mshukiwa wa tatu aliletwa na jirani mmoja aliyesema tuna watu wanaotuonea kijicho. Kwa kweli baada ya kuweka Windows mara ya tatu, hata mimi nilianza kumsikiliza.

Kisha ikatokea shida yenyewe. Mwanachama mmoja alikuja nyumbani jioni akalipa mkopo wake wa shilingi 6,000. Mama akapokea, akaandika kwenye kompyuta, na kesho yake akapeleka benki pamoja na pesa nyingine. Mwisho wa mwezi nikachapisha orodha, na orodha ikasema yule mama hajalipa. Yeye akasema amelipa. Mama akasema ndiyo, amelipa, nakumbuka. Wengine wakatazamana. Mmoja akasema jambo ambalo silisahau mpaka leo: "Kompyuta haidanganyi." Maana yake ilikuwa wazi: hawa wawili wamepanga.

Kompyuta haidanganyi! Hebu tusimame hapo kidogo, tuangalie historia inasema nini.

Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, mafundi wa kompyuta iliyoitwa Mark II walikuwa wakitafuta hitilafu. Wakakuta nondo amekwama ndani ya swichi ya umeme. Wakambandika kwa utepe kwenye kitabu cha kumbukumbu za mashine na kuandika kwamba huyu ndiye mdudu wa kwanza kupatikana kweli. Walikuwa wanatania, kwa sababu wahandisi walikuwa wakiziita hitilafu "wadudu" tangu zamani. Thomas Edison alilitumia neno hilo mwaka 1878. Grace Hopper, aliyefanya kazi kwenye mashine hiyo, alikisimulia kisa hicho kwa miaka mingi. Kinachonivutia mimi ni kile kitabu. Walikuwa wanaandika saa na tukio. Kumbukeni jambo hilo, tutalirudia.

Mwaka 1978 kampuni ya Intel ilikuwa na chipu za kumbukumbu zilizokuwa zikibadilisha tarakimu zenyewe: sifuri inageuka moja, bila chipu kuharibika. Wahandisi wake wawili, Timothy May na Murray Woods, waligundua kwamba vifuniko vya kauri vya chipu hizo vilikuwa na chembechembe za madini yenye mionzi, kidogo sana, lakini za kutosha kusumbua. Programu ilikuwa sawa, mtumiaji hakukosea, na kisanduku cha chipu chenyewe ndicho kilichokuwa kikiipiga risasi.

Tarehe 18 Mei 2003, huko Schaerbeek nchini Ubelgiji, mgombea mmoja katika uchaguzi alipata kura nyingi kuliko zilivyowezekana. Walipohesabu upya wakakuta zimezidi kwa 4,096 kamili. Mwanafunzi yeyote wa kompyuta akiiona namba hiyo anashtuka, kwa sababu ni 2 iliyozidishwa yenyewe mara 12. Yaani tarakimu moja tu ndani ya kumbukumbu ilikuwa imegeuka. Hakuna kosa lililopatikana kwenye programu, na maelezo yaliyokubalika ni kwamba huenda chembe ya mionzi kutoka angani ilipita hapo. Na mwaka 2009 watafiti waliochunguza kompyuta za Google walichapisha kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya kumbukumbu vilionyesha kosa angalau mara moja kwa mwaka.

Kwa hiyo kompyuta inaweza kudanganya. Tatizo ni kwamba mwaka 2013 sikuyajua haya, na hata kama ningeyajua, kuwaambia akina mama wa Lindi habari za mionzi ya angani kusingemsaidia mama yangu.

Nilichokijua ni Memtest86, programu iliyoanzishwa na Chris Brady mwaka 1994 ya kupima kumbukumbu. Inaandika tarakimu kila mahali, inazisoma tena, na kulinganisha. Niliichoma kwenye CD, nikaiwasha saa nne usiku nikalala. Asubuhi ilikuwa imemaliza mizunguko kadhaa bila kosa hata moja. Nikasema basi, kumbukumbu ni nzima. Sikujiuliza swali la maana zaidi: kwa nini mashine inayozima kila siku ilikaa macho usiku kucha bila kuzima?

Tukampelekea fundi mmoja Kawangware, karibu na steji ya 46. Tulipita Ngong Road, Dagoretti Corner, tukashika Naivasha Road, nami nikalipishwa nauli ya watu wawili kwa sababu kompyuta ilikalia kiti. Fundi akakaa nayo siku tatu, akiiwasha tangu asubuhi hadi anapofunga duka. Haikuzima hata mara moja. "Kijana, hii mashine ni nzima," akasema. Nikairudisha nyumbani. Jioni hiyo hiyo ikazima mama akiwa anaitazama.

Nilimpigia simu nikiwa karibu kulia. Jibu lake nimelitumia katika kazi yangu yote tangu siku hiyo: "Usiniletee mashine tena. Niletee saa."

Saa zilikuwa ndani ya kompyuta yenyewe. Windows XP ina kitabu cha kumbukumbu za matukio, kama kile cha Harvard, ila watu wengi hawakifungui. Kila mashine inapowaka baada ya kuzima vibaya, inaandika tukio namba 6008 na kusema ilizima lini bila kutarajiwa. Nikakaa na karatasi nikayanakili. Katika wiki tatu yalikuwa 11, na 9 kati yake yalikuwa baina ya saa 12:40 jioni na saa 2:30 usiku. Hayakuwa ya bahati nasibu hata kidogo. Yalikuwa na ratiba.

Jambo la pili lilikuwa kitu ambacho hakikuwepo. XP inapokwama kwa sababu ya programu au kifaa, inaonyesha skrini ya buluu na kuhifadhi faili dogo la ushahidi kwenye diski. Kwa kawaida XP inajiwasha upya haraka sana hivi kwamba huioni skrini yenyewe, lakini faili linabaki. Kwetu hapakuwa na faili hata moja. Maana yake Windows haikupata hata nafasi ya kusema "nakufa". Ilikuwa imenyang'anywa stima.

Sasa inabidi tuzungumze habari za stima, na hapa historia inarudi nyumbani.

Umeme wa kuuzwa kwa umma ulifika Mombasa na Nairobi mwaka 1908. Mwaka 1922 kampuni za miji hiyo miwili ziliunganishwa zikawa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 ilibadilishwa jina ikawa Kenya Power and Lighting. Kibera nayo ni ya zamani vilevile. Wanajeshi Wanubi wa jeshi la mkoloni walikuwa wakiishi hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lenyewe linatokana na neno lao la msitu, kibra. Kwa hiyo stima na Kibera ni karibu rika moja, katika jiji moja. Lakini kwa kuwa serikali ilihesabu ardhi ile kuwa yake na nyumba zile kuwa si halali, nyaya zilipita pembeni kwa miongo mingi. Watu wakajiunganishia. Mfumo huo unaitwa sambaza: mtu mmoja anavuta waya kutoka kwenye transfoma au kwenye mita moja, anausambaza nyumba hadi nyumba, na kila mwisho wa mwezi anapita kukusanya pesa.

Sambaza imewapa watu taa, na imewaua watu pia kwa shoti na moto. Lakini kwa habari ya kompyuta, jambo muhimu ni hesabu. Stima ya Kenya ni volti 240. Waya mwembamba ukiwa mrefu unakula sehemu ya volti hizo njiani, na kadiri nyumba nyingi zinavyovuta kwa pamoja, ndivyo unavyokula zaidi. Saa tisa mchana watu wako kazini na waya umepumzika. Saa nne usiku watu wamelala. Saa moja usiku kila mtu amerudi: taa, televisheni, pasi, na wengine jiko la koili, kwa sababu sambaza hulipiwa bei moja kwa mwezi hata ukichemsha maharagwe.

Alhamisi moja fundi alikuja mwenyewe Lindi. Alibeba mita ya kupimia umeme, balbu ya zamani ya uzi, na pawa saplai moja ya akiba. Mama akamkaribisha chai. "Asante mama, lakini acha kwanza tuone," akasema. Akaining'iniza balbu kwenye waya ule ule uliolisha kompyuta, akachomeka mita, akakaa kwenye kiti kama mtu anayesubiri taarifa ya habari.

Saa 12:30 mita ilisoma volti 215. Saa 1:05 ikasoma 192. Balbu ilikuwa imeanza kuwa ya manjano. Kisha jirani fulani akawasha kitu, balbu ikawa nyekundu kama kaa, mita ikashuka hadi 174, na kompyuta ikazima. Hakuna aliyesema neno. Binamu yangu alikuwa amesimama mlangoni, mbali na kompyuta, mikono mifukoni.

Lakini fundi hakuishia hapo. Aliichomoa pawa saplai yetu akaweka ile ya akiba, tukawasha tena. Volti zikapanda na kushuka, safari moja hadi 176, na mashine ikaendelea kufanya kazi. Mwongozo wa pawa saplai za aina hiyo unataka zivumilie kuanzia volti 180 hadi 265, na stima ikikatika kabisa ziendelee kuilisha kompyuta kwa kama milisekunde 16. Ya akiba ilivumilia hata chini ya kiwango chake. Yetu haikuweza. Fundi akaifungua (wewe usifanye hivyo nyumbani, ndani mna sehemu zinazobaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya), na hapo tukaona kapasita nne zimevimba vichwa kama chapati zinazofura.

Kapasita ni kama mtungi wa maji katika nyumba ambayo mfereji wake unakatika-katika. Inahifadhi umeme kidogo ili mfereji ukikauka kwa nukta moja, wewe usijue. Na kapasita zilizovimba zina historia yake. Tangu mwaka 1999 hivi hadi mwaka 2007, dunia ilijaa kapasita mbovu, nyingi zikiwa zimetengenezwa Taiwan. Maji ya kemikali yaliyomo ndani yake yalikosa viungo vinavyotakiwa, yakawa yanaila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni hadi kifuniko kinavimba au kupasuka. Ilivuma habari kwamba fomula ilikuwa imeibwa kutoka Japani ikiwa haijakamilika. Kampuni nyingi kubwa ziliumia. Dell peke yake ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kushughulikia kompyuta zake zilizoathirika, na nyaraka za kesi zilizofunguliwa mwaka 2010 zilionyesha kwamba kati ya mwaka 2003 na 2005 iliuza kompyuta zisizopungua milioni 11.8 zilizokuwa katika hatari hiyo. Sasa jiulize, kompyuta za ofisi za miaka hiyo zilipozeeka zilikwenda wapi? Nyingi zililetwa Afrika zikiwa mitumba. Sisemi kwamba yetu ilikuwa ya kampuni hiyo, wala sijui kapasita zake zilitoka kiwanda gani. Nasema tu kwamba tulinunua miaka ya mwisho ya mashine ambayo miaka yake ya kwanza iliishi penye stima nzuri.

Basi ugonjwa ulikuwa na wazazi wawili. Kawangware, kwenye duka lenye stima nzuri, pawa saplai mbovu ilijikaza. Kibera, kwenye stima dhaifu, pawa saplai nzima ilijikaza. Ilikuwa lazima vyote viwili vikutane, na vilikuwa vikikutana kila siku saa moja usiku, saa ambayo mama alikuwa akirudi na kukaa kuandika hesabu.

Jumapili nikaenda kwenye mkutano wa chama nikiwa na karatasi tatu. Ya kwanza ilikuwa orodha ya saa za kuzima. Ya pili ilikuwa risiti ya benki ya siku ya Jumatano: shilingi 13,500, wakati jedwali letu lilikuwa na pesa za 7,500 tu kwa siku hiyo. Tofauti ni 6,000 kamili. Ya tatu ilionyesha kwamba faili lilihifadhiwa mara ya mwisho Jumanne saa 1:01 usiku, na mashine ilizima Jumanne hiyo saa 1:12. Katika dakika hizo 11 ndipo yule mama alipolipa, na mama yangu akaandika.

Mtu mmoja akauliza kama kompyuta haiwezi kujihifadhi yenyewe. Inaweza. Ila mimi ndiye niliyekuwa nimezima kipengele hicho, kwa sababu kilikuwa kinaichelewesha mashine. Nilisimama nikasema hivyo mbele ya watu wote. Ni kosa la kwanza la kiufundi nililowahi kulikiri hadharani, na halikuwa rahisi.

Yule aliyesema kompyuta haidanganyi aliomba msamaha papo hapo. Mwingine hakuomba, na baada ya miezi miwili alijitoa kwenye chama. Mama alirudia daftari, kila malipo sahihi mbili, ndipo yanaingizwa kwenye kompyuta. Binamu yangu nilimwomba msamaha mimi, tena baada ya kukumbushwa na mama.

Katika miaka ya 2010 mradi wa serikali uliosaidiwa na Benki ya Dunia ulianza kuingiza mita halali katika mitaa kama Kibera, ingawa sambaza haikuisha. Na msidhani stima ya jiji haina wadudu wake. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru, mitambo mingine ikazidiwa na mzigo, na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alipona. Harvard walikuwa na nondo, sisi tuna tumbili.

Sasa turudi kwa jirani yangu. Kabla ya kufungua mashine yake nilimpa masharti haya, na wewe unaweza kuyatumia:

1. Andika tarehe na saa ya kila kuzima, na nini kilikuwa kinaendelea nyumbani, si kwenye skrini tu.
2. Angalia kitabu cha matukio. Katika Windows za siku hizi tafuta Kernel-Power namba 41. Kama hakuna faili la ushahidi wa skrini ya buluu, shuku umeme au joto kabla ya programu.
3. Pima kumbukumbu usiku kucha.
4. Ipeleke mashine nyumba nyingine kwa siku mbili. Ikipona huko, usifurahi, uliza kilichobadilika.
5. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.
6. Mpaka umemaliza hayo, usimlaumu mtoto.

Nilimuuliza huwa inazima saa ngapi. Akasema hajui, wakati wowote tu. Nikampa daftari na kalamu, akaondoka nayo pamoja na kompyuta yake, hakufurahi sana. Atarudi Jumamosi na orodha, nami nitawaeleza tulichokipata. Mpaka hapo, kazi njema, na hifadhini mafaili yenu.